Sekunde Tisa za Swedi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi umeme ulirudi, na dada Salima akaingia. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu kila umeme uliporudi nilikuwa na kawaida ya kulinganisha saa ya kompyuta na saa ya ukutani, na asubuhi hiyo nilikuwa bado nimeinua shingo kuitazama ya ukutani pazia la mlango liliposogea. Ulikuwa mwezi wa kumi wa mwaka 2004, huku Buyenzi, katika chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi ambacho mtaa mzima ulikiita sekretaria. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kompyuta nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma kila kisanduku kilichotokea kwenye kioo na kutafuta maneno yake katika kamusi ya Kifaransa iliyokosa jalada. Sasa ni miaka mingi, na mwezi uliopita tulimzika Salima. Baada ya hitma mdogo wake aliniita uani, akanipa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Nilikijua kabla sijakifungua, kwa uzito wake tu. Ndiyo maana naandika juu ya mwaka ule na si juu ya mwingine.

Chumba chetu kilikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa vipande vya kitenge, mashine ya fotokopi iliyonuka kama nywele zilizoungua, benchi moja la wateja, na kiti cha Bwana Nasoro mlangoni. Bwana Nasoro ndiye aliyekuwa tajiri wangu. Ukoo wake ulikuwa wa Waarabu waliofika mji huu zamani sana. Alikuwa na duka la vitambaa mjini Rohero mpaka vita vilipomfilisi, akabaki na chumba hiki, chupa ya chai ya tangawizi, na ulimi. Siku hiyo milio ya mizinga ilikuwa ikisikika kutoka milimani upande wa kusini, na watu wawili kwenye benchi walikuwa wakibishana juu yake kama watu wanaobishana juu ya mvua. "Ile ni Kanyosha," alisema mmoja. "Apana, ni mbali, ni Kabezi. Ya Kanyosha inatikisa sahani." Bwana Nasoro akawaambia wanyamaze, mtu mwenye haja ameingia.

Salima alikuwa amejifunika vizuri, macho yamevimba. Alitoa mkobani chombo kidogo cha kusikilizia muziki, cha fedha, kirefu kama kidole cha shahada, na waya wake. "Idi, mdogo wangu," aliniambia, "iyi kitu iko na sauti ya Swedi ndani. Nasikia ordinateri inaweza kuitoa," akaonyesha kompyuta. Kila mtu pale alijua habari ya Swedi, mume wake. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na betri, akivuka ziwa kwenda Baraka, upande wa Kongo. Kiangazi kilipoanza waligombana, akampa talaka moja, akapanda boti. Talaka moja haimalizi ndoa: mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila mahari mpya, ilimradi eda haijaisha. Eda ya Salima iliisha mwezi wa tisa, bila neno. Kisha, juma moja kabla ya asubuhi ninayoisimulia, mwenzake Swedi wa boti alifika na habari kwamba Swedi amekufa Baraka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kwa homa, na amezikwa huko. Akakabidhi kile chombo. Swedi alikuwa amempa kwa mkono wake katika mwezi wa nane, eda ikiwa bado inahesabika, lakini pwani ilikuwa na mapigano na boti hazikuvuka. "Aliniambia, mupe Salima asikilize, jibu iko mule," alisema yule mwenzake. Walipomuuliza jibu gani, alikasirika. "Ni mambo ya mutu na muke wake. Mi ningeuliza nini?"

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi, na halikuwa dogo. Kama Swedi alisema ndani ya chombo kile kwamba amemrejea, basi Salima alikuwa mkewe mpaka anakufa, na sasa ni mjane: ana eda ya kukaa ndani miezi minne na siku kumi, na ana fungu katika nyumba ya Swedi ya avenue ya kumi na moja. Kama alisema neno jingine, au hakusema chochote, basi Salima alikuwa mtalaka tangu mwezi wa tisa, na yule marehemu si wake. Mwenyewe alilieleza vizuri kuliko mimi. "Nikiwa mjane, hata hapa sistahili kuwa. Nisipokuwa mjane, kulia kwangu ni kwa bure. Unijibu, Idi. Nikae nyumbani ama niende soko?"

Shida ilikuwa hii. Mkoba wa yule mwenzake Swedi ulikuwa umelowa ndani ya boti. Chombo kiliwaka, kioo chake kidogo kilionyesha rekodi moja tu, na ukibonyeza, namba zilikimbia kutoka moja mpaka tisa zikasimama. Masikioni hakukuja kitu. Fundi wa redio alibadilisha tundu la spika za masikio, akajaribu tena, akasema upande wa sauti umekufa, upande wa kumbukumbu ni mzima. Sekunde tisa zilikuwemo. Ilibaki kompyuta izichukue kutoka ndani.

Nilichomeka waya. Kikatokea kisanduku cha kijivu kwa Kifaransa: kifaa hakijulikani, pilote haipatikani. Nilichomeka nyuma ya mashine badala ya mbele, nikazima na kuwasha, nikajaribu kompyuta ya pili, nikasafisha meno ya waya kwa spiriti, nikaupeleka waya kwa fundi apime nyuzi zake nne moja moja. Zote zilikuwa nzima. Kisanduku kilirudi na maneno yale yale. Salima alikuwa akinitazama mimi, si kioo. "Inasema nini?" aliuliza. Nikamwambia inasema haikijui chombo, inataka piloti. Bwana Nasoro akacheka huko mlangoni. "Piloti! Mapiloti walikimbia zamani, mwanangu. Tumebaki abiria." Hata Salima alitabasamu kidogo. Nikaeleza kwamba piloti ni programu ndogo, ndiyo inayoifundisha mashine kuzungumza na kifaa kigeni. Kompyuta zetu zilikuwa za zamani. Hazikuzaliwa nazo, ilibidi zipewe. Kwa kawaida piloti inakuja ndani ya boksi la kifaa, kwenye diski ndogo inayong'aa. Salima aliweka kikombe cha chai chini. "Ile diski ndogo," alisema, "iko mu taxi ya shemeji Hamadi."

Nimefikiri mara nyingi juu ya neno hilo la kutojulikana. Miaka ile Kifaransa cha mjini kilikuwa na neno moja kwa mashine na kwa maiti. Watu waliitwa hospitali kumtambua mtu wao chini ya shuka, wengine wakarudi wakisema hawakumtambua, na uso wa aliyesema hivyo haukuonyesha kama ni nafuu au ni msiba zaidi. Nilikuwa nimelichapa neno hilo katika barua nyingi za watu waliotafuta ndugu zao. Kulikuta kwenye kisanduku cha kijivu, juu ya kitu kidogo kama kidole, kulinifanya niitazame mashine kama karani mbaya.

Hamadi alikuwa kaka mkubwa wa Swedi, dereva wa teksi, mtu mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Swedi alikinunua chombo kile cha Kichina huko Dubai, na diski iliyokuja nacho hakuijua kazi yake. Akampa kaka yake kama pambo. Hamadi aliipeleka kwa mchora mabango, akaandikiwa Bismillahi kwa rangi ya mafuta ya kijani, akaitundika kwenye kioo cha ndani ya gari. Mchoraji alichagua upande unaong'aa, kwa kuwa ndio mzuri. Ndio pia upande ambao kompyuta husoma. Alipoileta sekretaria, akiwa ameishika kwa kingo kama mtu anayeshika yai, niliona mara moja kwamba herufi zimefunika zaidi ya nusu. Nikamwambia rangi lazima itoke, labda kwa petroli. Hamadi aliirudisha kifuani. "We Idi, unajua umesema nini? Nifute jina la Mungu? Na essence?"

"Shemeji, nakuomba," Salima alisema.

"Mi sikatai, Salima. Wallahi sikatai. Nikisikia sauti ya ndugu yangu inasema we ni muke wake, hata kesho nagawa nyumba. Lakini iyi jina imenipitisha vizuizi vyote vya barabara toka mwaka juzi. Wenzangu wangapi wamekufa njiani? Mi nafuta, kesho napanda Bugarama, nani ananilinda?"

Bwana Nasoro alisema jambo kama hilo si la sekretaria, ni la Shehe. Tukaenda wote wanne. Shehe alitupokea katika chumba chake nyuma ya madrasa, chumba cha mikeka na rafu moja, harufu ya ubani na ya dagaa waliokuwa wakikaangwa nyumba ya pili. Watu wa nyumba hiyo walituletea ugali wa muhogo na dagaa hao kwa mboga ya lenga-lenga, na hakuna aliyeweza kukataa. Tukala kwanza, kwa mkono mmoja, bila kuongea, diski ikiwa juu ya rafu, mahali pa juu kuliko vichwa vyetu. Salima alikula nyuma ya pazia pamoja na mke wa Shehe. Kisha Shehe akasikiliza. Aliuliza piloti ni nini, nikaeleza. Akauliza tena, nikaeleza kwa maneno mengine. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kufuta maneno ya Mungu kwa adabu, alisema, si kosa. Tunayaandika kwa zafarani kwenye sahani, tunayaosha, mgonjwa anakunywa kombe. Kilichokatazwa ni kuyadharau. "Hata ile haitakuwa kombe," Hamadi alisema, "nani atakunywa rangi?" Shehe alicheka, meno machache. "Hatunywi. Tunachukua pamba safi, tunafuta pole pole, pamba tunazika. Na kwa kuwa wewe Hamadi unaogopa, nitafuta mimi."

Sauti ya Salima ilitoka nyuma ya pazia: "Na sauti ikisema ananirejea, Shehe, itakubaliwa?"

"Wakiijua sauti yake watu wawili waadilifu, mimi sina kipingamizi. Talaka nilijulishwa, naijua. Rejea sijajulishwa. Nijulishwe."

Alifuta kesho yake, baada ya swala ya alasiri, akiwa na udhu, diski juu ya leso nyeupe magotini pake. Maji hayakuitoa rangi ya mafuta, sabuni pia. Mchora mabango alikuwa ametuma kichupa cha dilia, ile dawa yao ya kuyeyushia rangi. Shehe aliloweka pamba, akasema Bismillahi, akaanza na herufi ya mwisho kwenda ya kwanza, ili, alisema, jina libaki mpaka mwisho. Sijaona mikono iliyofanya kazi kwa upole namna ile. Rangi ilitoka yote. Na pale ilipotoka, plastiki ilibaki nyeupe, nzito, kama jicho la mzee lililofunikwa na ukungu. Alifikiri ni mabaki ya rangi, akaongeza dilia. Weupe ukatanda. Siku hizi najua kwamba dawa ile inaila plastiki ya diski; siku hiyo hakuna aliyejua katika chumba kile. Shehe alizika pamba chini ya mgomba wa uani, akanawa, akanikabidhi diski kwa mikono miwili.

Kompyuta iliizungusha. Ilivuma, ikatulia, ikavuma tena. Nilijaribu kompyuta nyingine. Nilijaribu usiku umeme ulipokuwa na nguvu na asubuhi ulipokuwa hafifu. Niliisugua kwa dawa ya meno, kama nilivyosikia mtu akisema redioni. Mashine iliniambia kwenye tundu lake hakuna diski.

Salima alikuja kila siku, kisha akaacha kuja, nami nikawa napita kwake jioni kabla ya saa ya kufungwa njia. Chumba cha mbele kilikuwa na viti viwili, mkeka, na meza ambayo juu yake palikuwa na chombo kile juu ya kitambaa chake. Alinikaribisha wali na maharage. Siku moja hakuweka chakula. Alikuwa amekishika chombo. "Kaa, unisaidie," alisema. "Mi nasema, we unaangalia namba." Alibonyeza, namba zikaanza kukimbia, naye akasema kwa sauti ya kawaida: "Salima, nimekurejea, kaa nyumbani kwetu." Nikamwambia aliishia kwenye nne. Akabonyeza tena. "Salima, nakupa ya pili, usiningojee." Nne pia, nikamwambia. Alifuta kioo cha chombo kwa ncha ya kitambaa. Nje watoto walikuwa wakigombea gurudumu. Nilimwambia, kwa kuwa niliona ni haki aambiwe, kwamba vifungo vya vitu hivi vinaweza kujibonyeza mfukoni, na huenda sekunde tisa zile ni za kitambaa cha suruali. "Najua," alisema. Kisha akabonyeza mara ya tatu, na safari hii akaanza na salamu, salamu yote, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, pole pole, na sauti nzito kidogo, ya mwanaume anayeingia nyumbani akivua viatu; kisha akaongeza yale maneno ya kwanza. Namba ikasimama kwenye tisa pale pale aliponyamaza.

"Swedi alikuwa anasalimu iyo mrefu," alisema. "Siku alinipa talaka hakusalimu. Mwanaume mwenye hasira hasalimu."

Haukuwa ushahidi, na yeye alijua haukuwa ushahidi. Kesho yake aliingia eda. Shehe alimtumia neno kwamba yeye hawezi kumwita mjane, lakini hajaona sheria inayomkataza mwanamke kukaa ndani ya nyumba na kumwombea mtu. Hamadi alisema hatamtoa katika nyumba mpaka amalize. Kwa hiyo alikaa miezi minne na siku kumi katika eda ambayo hakuna aliyeitambua, bila manukato, bila nguo ya rangi, na wanawake wa mtaa waliokuja kumtazama hawakujua wampe pole ya nini.

Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja amalize ndipo niliposoma, katika gazeti la kompyuta la zamani lililofungiwa sambusa, kwamba mashine mpya zaidi zinazaliwa na piloti ndani yake. Mashine kama hizo zilikuwa katika ofisi za Rohero. Bwana Nasoro alimjua karani mmoja wa huko, mvaa tai, mtoto wa mteja wake wa zamani. Tulienda saa ya chakula, wakubwa wakiwa wametoka. Chumba kilikuwa baridi, kina zulia. Nilichomeka, na mashine ikatoa mlio mdogo wa kengele ambao sikuwahi kuusikia kwetu. Ilikijua. Ilifungua dirisha, na ndani ya dirisha palikuwa na faili moja. Nakumbuka Bwana Nasoro alinishika bega. Nilibonyeza mara mbili. Mashine ikasema haijui faili ya aina ile, ikaniuliza nichague programu ya kuifungulia. Nilizijaribu zote zilizokuwemo. Vyombo vile vya Kichina viliandika sauti ya kinywa kwa namna yao wenyewe, na programu ya kuigeuza ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye diski ile ile, pamoja na piloti. Nilitoa diskete mfukoni nikamwomba yule karani ninakili, faili ni ndogo, itakaa. Akalifunika tundu kwa kiganja. "Diskete za Buyenzi apana, kaka. Zina virusi. Wakubwa wataniua." Bwana Nasoro alimkumbusha baba yake, akamkumbusha kitambaa cha arusi ya mama yake, akamwita mwanangu, kisha akamwita jina jingine. Kiganja hakikuondoka. Tulirudi kwa mguu. Njiani Bwana Nasoro alisema kitu kimoja tu: "Swedi angetuma mutu na mdomo, ingekwisha. Alituma mashine kwa sababu alikuwa na haya." Tulipanga kurudi Rohero siku karani mwingine atakapokuwa zamu, lakini chombo hakikungoja. Juma hilo hilo kioo chake kilizimika, na hakikuwaka tena kwa waya wala kwa betri.

Sasa kiko mezani pangu, ndani ya kitambaa kile. Programu ya kufungua faili za namna ile leo inapatikana bure, nami ninayo. Nimejaribu kompyuta tatu na nyaya nne. Nimekifungua, nimesafisha kutu ya kijani kwenye miguu ya kumbukumbu chini ya kioo cha kukuzia, nimepima umeme unaoingia, unaingia. Kisanduku siku hizi si cha kijivu, ni cheupe na kina kona za mviringo. Kinasema kifaa hakikutambuliwa. Mdogo wake Salima alikuja juzi kuuliza, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Makaburini walikuwa wamemtaja kwa jina la baba yake peke yake, na alitaka kujua kama bado kuna jina la mume la kuongeza. Nilimwambia apana.

Salima alimaliza eda yake siku ya Ijumaa. Alioga, akavaa nguo ya rangi, akafungasha sufuria zake, godoro na meza, na Hamadi mwenyewe akamsaidia kuvipakia kwenye teksi kwenda kwa mdogo wake. Kwenye kioo cha ndani ya gari palikuwa na uzi mtupu. Hakumlipisha nauli. Nyumba iliuzwa mwezi uliofuata kwa faranga milioni tatu na laki sita, wakagawana ndugu wa marehemu peke yao. Fungu la mjane asiyeachiwa mtoto ni robo: faranga laki tisa.